Namna ya kufuatilia neno hadi kwenye mzizi: dhahiri, bayana na aksiomu

Chukua ripoti yoyote ya Kiswahili iliyoandikiwa Nairobi, iwe ya shirika, ya kaunti au ya kamati ya wazazi, uhesabu ni mara ngapi imesema “ni dhahiri kwamba”. Kwa kawaida maneno hayo yamekaa pale ambapo hoja ilitakiwa ikae. Mwandishi alikosa ushahidi, au alichoka kuutafuta, akaziba pengo kwa “dhahiri” kama mtu anayefunika sufuria tupu akiomba wageni wasiifunue.

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutajia ukweli usiodai shahidi. Yanafanana kwa mbali, lakini kila moja lina deni lake kwa msomaji, na deni hilo limeandikwa kwenye mzizi wa neno. Mwongozo huu ni wa mhariri, mfasiri na mwalimu wa lugha anayetaka kuufikia mzizi huo mwenyewe bila kubahatisha, kisha autumie kuamua neno gani likae wapi. Tutafuata matatu: dhahiri, bayana na aksiomu, yaani kauli inayokubaliwa kuwa mahali pa kuanzia hoja. Baada ya hapo tutaiangalia aina ya nne ambayo Kiswahili hakijaipa jina moja, yaani ukweli ambao kuusema ni kupoteza pumzi.

Vifaa

Kamusi tatu na daftari zinatosha. Kamusi ya kwanza iwe ya Kiswahili kwa Kiswahili: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mara ya kwanza 1981, au Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015. Hizo zitakupa maana ya leo na ngeli, na mara nyingine lugha ambako neno limetoka. Ya pili iwe ya zamani, ya Krapf (1882) au ya Johnson (1939), ili uone neno lilimaanisha nini kabla ya magazeti na ofisi kulichakaza. Ya Krapf imekwisha muda wa haki za nakala na husomwa bure mtandaoni. Nyingine utazikuta maktabani, au kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba katikati ya mji ukiwa na subira.

Ya tatu ndiyo wengi huiruka, na hapo ndipo kazi huharibika: kamusi ya Kiarabu iliyopangwa kwa mizizi. Ya Hans Wehr ndiyo inayojulikana zaidi. Kamusi ya Kiswahili ikikwambia neno ni la Kiarabu, imekuonyesha mtaa tu. Nyumba bado hujaiona. Kama husomi herufi za Kiarabu, ziko 28, na wiki moja ya jioni inatosha kuzitambua kwa kazi hii. Ukishindwa, msikiti wa Jamia uko ubavuni mwa maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, na hutakosa mtu wa kukusomea mistari miwili.

Kufuatilia “dhahiri”

Anza kwa kuvua neno irabu zake. Maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya konsonanti tatu, na irabu hubadilika kulingana na umbo. Irabu ya mwisho mara nyingi ni ya kwetu, tumeiongeza kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti. Kwa hiyo dhahiri inabaki dh-h-r.

Sasa panua kila konsonanti, maana sauti moja ya Kiswahili inaweza kuwa imemeza herufi kadhaa za Kiarabu. Yetu “dh” imemeza tatu: ذ, kama katika dhahabu na dhambi; ض, kama katika ardhi, dhaifu na Ramadhani; na ظ, kama katika dhuluma. Yetu “h” nayo imemeza tatu: ه ya hewa, ح ya haki na hali, na خ ya habari na heri. “R” ni moja tu, ر. Tatu mara tatu mara moja ni tisa. Andika mizizi yote tisa kwenye daftari, moja kwa mstari.

Tafuta yote tisa, hata kama wa kwanza umekuridhisha. Mingi haimo kabisa katika kamusi ya kawaida. Miwili ndiyo itakayokusimamisha: ذخر, kuweka akiba, na ظهر, kutokea, kuonekana. Wa kwanza haupatani na matumizi yetu hata kidogo. Wa pili unapatana. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea kwa anayefanya kazi bila kamusi ya mizizi: anaona dhahiri na dhahabu zinaanza sawa, anasema ukweli dhahiri ni ule unaong’aa kama dhahabu, na hadhira inapiga makofi. Dhahabu ni ذ-ه-ب. Hazina udugu wowote. Asili ya neno ikikujia tamu mno kabla hujafungua kamusi, itilie shaka.

Ukishapata mzizi, angalia umbo. Kiarabu hutia mzizi katika kalibu, na kila kalibu ina kazi yake. Dhahiri imo katika kalibu ileile ya tajiri, kafiri, jahili na dhalimu: kalibu ya mtenda. Tajiri ni mwenye kufanya biashara, dhalimu ni mwenye kudhulumu, na dhahiri ni chenye kutokea. Tendo linafanywa na kitu chenyewe. Hakikuonyeshwa na mtu, kimejitokeza. Ndiyo maana Kiswahili kinaweza kujenga “kujidhihirisha” bila kulazimisha: ji- inarudisha tendo kwa mtendaji, -sha inasababisha, na mzizi wenyewe tayari ulikuwa umeegemea huko.

Kisha waite ndugu zake. Adhuhuri imetoka kwenye mzizi uohuo: ni wakati jua limejitokeza kikamilifu, limesimama utosini, halina pa kujificha. Kuna kudhihirika na kudhihirisha. Kuna “dhahiri shahiri”, ambayo shahiri yake ni yenye kujulikana sana, yenye sifa iliyoenea. Kwa hiyo usemi huo unamaanisha kinachoonekana na ambacho watu wameshakisikia. Katika Kiarabu mzizi huu umezaa pia neno la mgongo. Liandike pembeni, lakini usilitungie kisa.

Hatua ya mwisho ni kumtafuta mpinzani wake, na hapa ndipo mzizi unapolipa. Mpinzani wa dhahiri ni batini, kilichofichika. Wawili hao wametajwa pamoja katika Kurani, sura ya 57, aya ya 3, miongoni mwa sifa za Mwenyezi Mungu, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu huita maana ya dhahiri ile inayomjia msomaji kwanza, ambayo ushahidi mwingine unaweza kuiweka kando. Maana yake kwetu ni hii: dhahiri haisemi kwamba jambo ni kweli. Inasema kwamba jambo linaonekana. Na kinachoonekana kinaonekana mahali fulani, na mtu fulani.

Deni la dhahiri, basi, ni kuonyesha kwa kidole. Kila unapoandika “ni dhahiri”, jibu katika sentensi hiyohiyo swali hili: linaonekana wapi? Ukiweza kutaja jedwali, picha, ukurasa, ufa wa ukuta au foleni ya mitungi, neno libaki. Ukikosa, lifute, uandike “tunaamini” au “tunashuku”, kisha umwachie msomaji apime.

Bayana ni fupi zaidi

Fanya hatua zilezile na utafika kwenye ب-ي-ن. Ndugu zake wa karibu ni baina na kubainisha. Mzizi huu ni wa utengano: kilicho baina kimo kwenye nafasi inayotenga viwili, na kubainisha ni kutenga kitu kisichanganyike na kingine. Kwa hiyo jambo lililo bayana limetenganishwa na jirani yake mpaka halichanganyikani naye. Mara nyingi kuna mtu aliyefanya kazi ya kutenga.

“Mkataba umeweka bayana matengenezo ya mpangaji na matengenezo ya mwenye nyumba” ni sentensi iliyokaa vizuri, maana kuna viwili na kuna ukuta kati yao. “Ni bayana kwamba nauli imepanda” haijafa, lakini imelegea. Hakuna kilichotengwa na kingine. Nauli kupanda huonekana, iandikie dhahiri. Deni la bayana ni kutaja nini kimetengwa na nini. Tahadhari moja: usiiunganishe na “bei” kwa sababu zote zinaanza kwa b na zote zinahusu makubaliano ya watu wawili. Bei ni ب-ي-ع.

Aksiomu: jiwe la mizani

Neno hili halikupitia Pwani. Limetoka Kigiriki, likapita Kilatini na Kifaransa, likafika kwa Kiingereza, nasi tukalichukua huko. Hakuna haja ya hesabu ya konsonanti. Hapa fuata viambishi.

Kigiriki huunda nomino ya zao la tendo kwa -ma, kama Kiswahili kinavyounda wazo kutoka kuwaza na tendo kutoka kutenda. Axioma ni zao la kitenzi axioun, kukiona kitu kuwa kinastahili, na hicho kimetoka kwa axios, chenye kustahili. Nyuma ya axios kuna kitenzi agein, kuongoza au kuvuta, ambacho hutumika pia kwa uzito unaovuta mkono wa mizani. Axios ni kitu kizito cha kutosha kuusawazisha upande wa pili.

Nenda soko la Marikiti asubuhi umwangalie muuza viazi anayetumia mizani ya mawe. Anaweka jiwe la kilo mbili upande mmoja, viazi upande mwingine, anaongeza, anapunguza, mkono unalala sawa, anamimina kwenye mfuko. Jiwe halipimwi. Si kwa sababu jiwe haliwezi kupimwa. Laweza, na maafisa wa mizani na vipimo wana kazi hiyohiyo ya kulikagua na kulipiga mhuri. Ila katika mauzo yale, wote wawili wamekubaliana kwamba jiwe ndilo linalopima viazi, na mnunuzi anayetaka kulipima jiwe kabla ya kila kilo hatanunua viazi siku hiyo. Aksiomu ni jiwe hilo. Ni kauli iliyoonwa inastahili kuwa mahali pa kuanzia, na haithibitishwi ndani ya hoja inayoianzisha.

Utaona basi kwamba aksiomu na dhahiri hazina maana moja, ingawa watu huzitumia kana kwamba ni pacha. Dhahiri hujitokeza yenyewe. Aksiomu hukubaliwa na watu. Deni la aksiomu ni kumwambia msomaji waziwazi: tunaanzia hapa, na tumekubaliana kutoirudia.

Mtego upo kwa anayefasiri maandishi ya kale. Aristotle alitumia axioma kwa kanuni ambayo lazima uwe nayo kabla hujajifunza chochote. Wastoiki, wanafalsafa wa Kigiriki waliokuja baada yake, wakalitumia kwa kauli yoyote, ya kweli au ya uongo. Mfano wao wa kila siku ulikuwa “sasa ni mchana”, ambayo usiku si kweli. Mfasiri anayeandika “aksiomu” kila anapoliona neno hilo atawafanya Wastoiki waseme kwamba kuna aksiomu za uongo, na msomaji atadhani wamerukwa na akili. Euclid naye, aliyeandika jiometri yake kama mwaka 300 kabla ya Kristo, hakuziita zake kwa jina hilo. Alisema koinai ennoiai, fikra za wote. Zile tano tunazozijua, ikiwemo “vitu viwili vilivyo sawa na cha tatu ni sawa vyenyewe kwa vyenyewe” na “kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake”, ziliitwa aksiomu na waliomfafanua baadaye. Kabla hujatia neno, tazama ni nani anayesema na katika karne gani.

Kuhusu tahajia: aksiomu ndiyo inayofuata njia ya kawaida ya maneno ya mkopo. Neno likiishia kwa sauti ya midomo, Kiswahili hulipa u: salamu, kitabu, filamu, albamu, programu, klabu. Likiishia kwa nyingine nyingi, hupewa i: hoteli, benki, risiti, dhahiri. Ukikuta aksioma, aliyeandika amekwenda moja kwa moja kwa Kigiriki. Si kosa, mradi usichanganye zote mbili katika kitabu kimoja. Ngeli ni i-/zi-: aksiomu hii, aksiomu hizi.

Jaribio la chungwa

Mwanafunzi akikuuliza kwa nini tusiseme tu kwamba aksiomu ni ukweli usiopingika, usimjibu kwa maneno. Mpe chungwa.

Chagua lililo duara kweli, si lililobonyea upande mmoja, na ulifute kwa kitambaa kikavu, maana ganda lenye mafuta hukataa wino. Kikonyo kiwe ncha ya kaskazini. Zungushia utepe wa karatasi katikati ya chungwa mpaka ncha zake zikutane bila kupandana, ukate, kisha chora mstari kufuata utepe huo: hiyo ndiyo ikweta. Toa utepe, ukunje katikati, halafu katikati tena. Sasa una urefu wa robo ya ikweta. Tia alama mbili kwenye ikweta zilizoachana kwa urefu huo. Kutoka kila alama, chora mstari ulionyooka hadi kwenye kikonyo.

Umepata pembetatu. Pima pembe zake kwa kona ya kadi: mbili zilizo kwenye ikweta ni nyuzi 90 kila moja, na ya kikonyoni ni 90. Jumla 270, wala si 180 za kitabu cha shule. Isitoshe, mistari miwili iliyosimama wima juu ya ikweta, ambayo kwenye karatasi ingekuwa sambamba milele, imekutana. Pembe ya juu ikitoka 80 au 100, hukukunja utepe sawasawa au umechora kwa kukisia robo. Rudia, usilaumu chungwa.

Kwa miaka zaidi ya elfu mbili ilikubaliwa kwamba, kupitia nukta iliyo nje ya mstari, hupita mstari mmoja tu ulio sambamba nao. Mwanahisabati Lobachevsky alichapisha jiometri isiyoifuata kanuni hiyo 1829, Bolyai 1832, na 1854 Riemann akafungua njia kwa jiometri ya nyuso zilizopinda, ambamo chungwa lako limo. Hakuna aliyemthibitisha Euclid kuwa mwongo. Walibadilisha jiwe la mizani, na mizani ikaendelea kupima. Hilo lingekuwa muhali kama aksiomu ingekuwa kitu kinachojidhihirisha.

Ukitaka kuona dhahiri na aksiomu katika sentensi moja, jaribu kufasiri ile maarufu ya Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776: “We hold these truths to be self-evident, that all men are created equal”. Rasimu ya Jefferson ilikuwa imezieleza kweli zile kuwa takatifu na zisizokanushika. Maneno hayo yakakatwa na kuwekwa ya kujidhihirisha. Lakini sentensi inaanza kwa “tunazishika”. Hapo kuna watu wanaoamua kuzishika, na papo hapo inasemwa zinajionyesha zenyewe. “Ni dhahiri kwamba watu wote wameumbwa sawa” hupoteza nusu ya kwanza. “Tunashikilia kwamba” humpeleka msomaji wa Nairobi moja kwa moja kituo cha polisi, anakoshikiliwa mshukiwa. “Kweli hizi tunazishika kuwa zenye kujidhihirisha” inabeba zote mbili. Na utumie “kweli”, si “ukweli”, kwa sababu ukweli hauna wingi, na kweli zile zilikuwa kadhaa.

Aina ya nne: maneno ya La Palice

Wafaransa wana neno lapalissade, na asili yake ni funzo zuri kwa mtu wa kamusi, kwa sababu neno zima limesimama juu ya herufi moja iliyosomwa vibaya. Jacques de Chabannes, bwana wa La Palice, alikuwa mkuu wa majeshi aliyeuawa katika vita vya Pavia, Italia, tarehe 24 Februari 1525. Wimbo uliotungwa kumwomboleza ulisema kwamba, kama asingalikufa, angali akiwatia watu wivu: “il ferait encore envie”. Zama hizo s iliandikwa ndefu, karibu sawa na f. Ferait ikasomwa serait, envie ikakatwa ikawa en vie, na wimbo ukageuka kusema kwamba kama asingalikufa, angali hai. Karne ya 18 Bernard de La Monnoye akatunga beti nyingi za mzaha kwa mtindo huohuo, na baadaye jina la shujaa likawa neno la ukweli usio na faida.

Wahispania wamemtwika mzigo huo mtu wa kubuni aitwaye Pero Grullo. Waholanzi husema “ukweli kama ng’ombe”, mkubwa, umesimama mbele yako, hautikisiki. Kiswahili kimekwenda njia nyingine: badala ya nomino, kina karipio. Mwenye macho haambiwi tazama. Ukihitaji kuitaja aina hii katika mafunzo ya wahariri, sema tu “huku ni kumwambia mwenye macho tazama”. Hakuna atakayeomba ufafanuzi.

Namna ya kuikamata: jaribio la kukanusha. Kwanza ondoa fremu, yaani “ni dhahiri kwamba”, “inafahamika kuwa”, “hakuna shaka”. Hili wengi husahau, wakakanusha fremu yenyewe, na jaribio likatoa jibu la uongo. Kisha kanusha kilichobaki. Kama hakuna mtu mwenye akili timamu katika mkutano ule ambaye angeweza kuisema sentensi iliyokanushwa, ile ya asili haikubeba chochote. Tazama hii:

“Ni dhahiri kwamba maji ni muhimu kwa wakazi wa mtaa huu, na ni bayana kwamba hali iliyopo hairidhishi.”

Ondoa fremu, kanusha: “Maji si muhimu kwa wakazi.” Nani angesema? “Hali iliyopo inaridhisha.” Hili angalau mtu wa kampuni ya maji angeweza kulisema, lakini hatujui hali gani. Andika upya:

“Mabomba hutoa maji Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine wakazi hununua ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20, na jedwali la ukurasa wa 6 linaonyesha nyumba moja hununua mitungi mingapi kwa wiki.”

Dhahiri imeondoka na jambo limeanza kuonekana. Sentensi zote mbili mpya zinakanushika, na hiyo ndiyo thamani yake: zikiwa uongo, kuna atakayezikamata.

Usilitumie jaribio hili kama panga, hata hivyo. “Mtoto wa nyoka ni nyoka” inafeli jaribio kabisa, kwa kuwa mtoto wa nyoka hawezi kuwa mbuzi. Na bado ni methali kali, kwa sababu anayeisema hazungumzii nyoka. Vivyo hivyo “mtoto ni mtoto”, “sheria ni sheria”, “Nairobi ni Nairobi”. Kila moja ina kazi nje ya maneno yake: ya kwanza inaomba msamaha, ya pili inaukataa, ya tatu unaambiwa baada ya kuibiwa simu. Kwa hiyo sentensi ikifeli kukanushwa, uliza swali la pili kabla ya kuikata: inamfanya msikilizaji afanye nini? Ikiwa jibu lipo, iache. Ikiwa halipo, ni La Palice.

Mahakamani

Mfasiri wa mahakama asitumie “dhahiri” kiholela, maana sheria ya Kenya ina mlango wake maalumu. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kifungu cha 59, inasema jambo ambalo mahakama inapaswa kulitambua yenyewe halihitaji kuthibitishwa, na kifungu cha 60 kinaorodhesha mambo hayo, yakiwemo yanayojulikana na watu wote au na watu wa mahali hapo. Lifasiri kwa “kutambuliwa na mahakama bila ushahidi”, si “dhahiri kwa mahakama”. Tofauti si ndogo: kifungu hichohicho cha 60 kinamruhusu hakimu kukataa mpaka anayeomba alete kitabu au hati. Hata penye jambo linalojulikana na mtaa mzima, mtu anaweza kuambiwa aonyeshe kwa kidole.

Kadi ya neno

Kila neno ulilolifuatilia liwekee kadi moja, upande mmoja tu. Ikizidi kadi, bado hujaamua. Hii ni ya aksiomu, unaweza kuinakili kwa mpangilio huu:

aksiomu, nomino, i-/zi-. Kauli inayokubaliwa kuwa mahali pa kuanzia hoja, isiyothibitishwa ndani ya hoja hiyo. Asili: Kigiriki axioma, kilichoonwa kinastahili, kutoka axios, chenye kustahili, chenye uzito, kupitia Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Mpinzani: kauli inayothibitishwa kutokana nayo. Usichanganye na: dhahiri (chenye kuonekana), wala axioma ya Wastoiki (kauli yoyote). Deni: taja kwamba mmekubaliana kuanzia hapo. Mfano: “Tunachukua kama aksiomu kwamba kila mwenye nyumba ana kura moja, mahesabu yote ya chini yanategemea hilo.”